Michi Miwili, Kinu Kimoja

Wodi ya juu, kitanda cha dirishani

Kwako Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, nyingi kama kapu la mtu aliyetoka sokoni. Mgawie mama fungu kubwa, shemeji fungu la wastani, na watoto uwape zitakazobaki, maana nawajua hao, hata ukiwapa salamu watakuuliza pipi ziko wapi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimetulia, na vumbi la chaki halikusumbui tena. Mimi ni mzima. Najua hapo umekunja uso na kuuliza mzima gani anayeandika kutoka hospitali. Ukunjue. Nitakueleza yote, ila kwa mpangilio wangu mwenyewe, kwa sababu nakujua ulivyo, ukipata barua huanza kuisoma mwisho ndipo upande juu. Leo nakuomba, kwa heshima zote za udogo wangu, uanze mwanzo. Na usimsomee mama kabla hujaimaliza peke yako.

Nilipotoka kwenu mara ya mwisho ulinisindikiza, na tulipofika kizingitini ukanishika kiwiko, ukaniambia maneno niliyokuja nayo mpaka humu wodini. Ulisema umeshazoea kuwa na ndugu anayepotea kidogo kisha akarudi, na unamtaka hivyo hivyo alivyo. Usichoweza kukivumilia ni ndugu atakayeketi mbele yako, macho yapo, mdomo upo, lakini mwenyewe asirudi tena. Ulisema mtu akikatwa mkono hubaki yeye yule bila mkono, lakini akikatwa kichwani, nani atajua aliyebaki ni nani? Nilikujibu kwamba naenda kupimwa tu, na siku ile ilikuwa kweli tupu. Tulipofika barabarani ukaongeza neno jingine. Hilo nimeliweka akiba, nitalifikia.

Nasema kupotea kwa sababu ndivyo tunavyosema nyumbani. Huku wanasema kifafa, tena bila kupepesa macho, na nimegundua kwamba neno likitamkwa kila asubuhi pamoja na chai, linapungua meno.

Mambo mengine ya kazini sikuwahi kukueleza vizuri, kwa kuwa ulikuwa na mzigo wako. Mkahawa wetu unatazamana na stesheni, kwa hiyo watu huingia kwa mafungu na kila fungu lina haraka. Mimi sikuwahi kushika kalamu mezani. Meza nzima inaagiza kwa pamoja: huyu chai ya rangi, huyu ya maziwa bila sukari, huyu supu isiyo na pilipili, huyu mayai yaliyoiva mpaka yajute, na yule wa pembeni anabadili mawazo mara tatu. Naitikia kwa kichwa tu, naondoka, na kila kitu kinarudi mbele ya mwenyewe. Ndiyo maana wateja walinibatiza Kaseti. Siku hizi vijana hawajui hata kaseti ni nini, lakini jina limeshika.

Kuhifadhi oda ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni Mpishi. Majiko yake yananguruma na sikio lake moja limechoka, kwa hiyo ukimpigia kelele akiwa ameinama umepoteza pumzi zako bure. Lakini ana desturi moja: kila baada ya kitambo huinua kichwa, akajifuta shingo, kisha akainama tena. Mhudumu anayeijua kazi husimama kimya kwenye dirisha la jikoni, akamvizia. Kichwa kikiinuka tu, anaimwaga oda nzima kwa mkupuo mmoja. Wageni wa kazi hupiga kelele mpaka sauti inakauka, halafu wanasema Mpishi ana kiburi.

Kisha ukaja msimu wa aibu. Nilianza kuwapelekea watu wa leo chakula cha watu wa jana. Bibi mmoja na mjukuu wake waliagiza chai na mkate, mimi nikawapangia supu na mayai ya msafiri aliyeketi meza ile ile siku iliyotangulia. Na nilikuwa na hakika, Dada! Nilimbishia yule bibi kwamba ndivyo alivyoagiza. Mteja mwingine alikuwa amekula kwetu mwezi mzima, kiti kile kile, na mimi nikamkaribisha kwa bashasha kama mgeni na kumwelekeza choo kilipo. Alidhani namtania. Halafu kule kupotea kwenyewe kukaongezeka. Nasimama katikati ya meza, natafuna hewa, mkono unapapasa aproni kana kwamba natafuta kifungo. Watu walifikiri naonja chakula chao njiani.

Siku sinia la chai ya moto liliponitoka na kuanguka karibu na mtoto mchanga, tajiri wetu, ambaye sote tunamwita Mzee wa Kaunta, hakunifokea. Ingekuwa nafuu angefoka. Alinifungua aproni kwa mikono yake, akanipeleka kwenye sinki la vyombo, akaniambia kwamba ukumbi utanisubiri mpaka nitakapoweza kutenganisha jana na leo. Mtu anayejulikana kwa kukumbuka, akawa anasugua masufuria. Niliumia kuliko nilivyowahi kukuonyesha.

Ndivyo nilivyofika hapa. Ili kujua huko kupotea kunaanzia wapi, madaktari walinitoboa vitundu vidogo kichwani na kupitisha nyaya nyembamba mpaka ndani, kisha wakanifunga bendeji kubwa hata nikafanana na mtu mwenye cheo. Ngozi iliuma, sikudanganyi. Lakini ubongo wenyewe hauumi. Nilishangaa: ndio unaopokea habari za maumivu ya mwili mzima, na wenyewe ukiguswa hauna habari.

Aliyekuwa akizisoma nyaya zile ni mama mmoja wa makamo, tunamwita Fundi wa Mawimbi. Ni mtu mcheshi, hupandisha miwani utosini halafu akaitafuta chumba kizima, na anasema mtu anayechunguza kumbukumbu za wenzake haruhusiwi kuwa nazo. Kila asubuhi alinionyesha picha kwenye kompyuta, kila picha na mahali pake: kikombe pembe ya juu, ufunguo chini kushoto, saa karibu na katikati. Mchana alivuta mapazia, mimi nikalala, yeye akabaki chumba cha pili akitazama mistari ya kichwa changu ikipita. Nikiamka ananiuliza kikombe kilikuwa wapi. Nilimwambia hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, mtu unalala na watu wanaandika ripoti.

Siku moja nilimwomba anionyeshe usingizi wangu mwenyewe. Akageuza kompyuta, akanieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Ndani ya kichwa, usawa wa sikio, kila upande kuna kiungo kilichojikunja, wanakiita hipokampasi. Jina hilo ni la samaki mdogo mwenye kichwa cha farasi. Hicho ndicho kinachopokea mambo ya leo, lakini si ghala. Ghala ni gamba la ubongo, lile tabaka la juu lenye mikunjo. Mambo ya leo husafirishwa kwenda ghalani zaidi tukiwa tumelala, na usafiri huo una mdundo wake. Gamba hupanda na kushuka kwa wimbi kubwa la taratibu. Likipanda, juu yake hutokea fungu la mawimbi ya haraka, jembamba ncha zote mbili na nene katikati, hata yeye na wenzake huliita muhogo. Na ndani ya muhogo huo, kwenye mabonde yake, hipokampasi hurusha kiwimbi chake kidogo, cha kasi kuliko vyote. Vitatu hivyo vikipangana, jambo linashika. Kiwimbi kikiwahi au kikichelewa, mengi humwagika njiani.

Nilimuuliza kati ya gamba na hipokampasi nani mkubwa. Akasema hakuna mkubwa. Gamba huita, hipokampasi hujibu, na jibu lile nalo husukuma gamba. Nilicheka mpaka nyaya zikatikisika na mistari ikaharibika, akanigombeza. Nikamwambia anisamehe, ila jambo hilo nililijua kabla sijajua kusoma, maana nilifundishwa na dada yangu.

Unakikumbuka kinu cha nyuma ya jiko? Mimi nakumbuka hivi. Wewe ulisimama upande wa ukuta, mimi upande wa pipa la maji, juu ya kreti la soda lililopinduliwa, kwa kuwa nilikuwa mfupi na nilikataa kukubali. Mchi wako ulikuwa na mpasuko katikati na mama aliufunga kwa mpira wa baiskeli. Wangu ulikuwa wa mti mwekundu, ukinitoa malengelenge. Hukuwa ukiimba, ulikuwa ukitoa pumzi tu, hm, kila mchi wako ulipotua, nami nilishusha wangu kati ya pumzi na pumzi. Hatukutazamana wala hatukuhesabu. Siku kinu kilipopasuka michi ilikuwa imegongana, na mama alikuja mbio na povu la sabuni viwikoni akauliza nani. Wewe ukasema mimi nilichelewa. Mimi nikasema wewe uliwahi. Mama akatuhukumu wote wawili kusaga kwa jiwe mpaka kinu kingine kipatikane, nawe ukaninunia, lakini jioni ulinisukumia kandambili zako kwa mguu, bila neno, kwa sababu zangu zilikuwa zimekatika.

Fundi wa Mawimbi alipenda sana habari ya pumzi. Akaniambia kwa upande wa kulia wa kichwa changu ndivyo ilivyo, wawili wanatwanga na hawagongani. Kisha akanionyesha upande wa kushoto, na sauti yake ikabadilika kidogo. Hipokampasi ya upande ule ina kovu la siku nyingi. Badala ya kiwimbi chake, inatoa mwiba, mstari mkali usiobeba kitu. Ubaya ni kwamba mwiba ule unaliamsha gamba, nalo linajibu kwa muhogo mzuri kabisa, kana kwamba limeletewa mzigo wa kweli. Nikamwelewa papo hapo, Dada, kwa sababu nimesimama kwenye dirisha lile miaka. Mpishi anainua kichwa, na kabla mhudumu hajafungua mdomo, mlevi mmoja anapenyeza kichwa dirishani na kupiga ukelele. Mpishi wa watu anapika oda ya mlevi. Fundi hakuapa kwamba makosa yangu yote ya mezani yalitoka pale, ila alinionyesha kwamba kila mchana miiba ilipozidi, kikombe na ufunguo na saa nilivisahau nilipoamka.

Baadaye alikuja daktari mkuu, mwanamke mwenye sauti ya chini ambaye hukaa kitandani kwako badala ya kusimama juu yako. Alisema kupotea kwangu kote kunaanzia kwenye kovu lile, dawa zimeshajaribiwa na zimeshindwa, na upande wa kulia umekuwa ukibeba kazi ya pande mbili. Kovu linaweza kutolewa, pamoja na kile kiungo cha kushoto. Hakunipaka asali mdomoni. Alisema ninaweza kupoteza majina ya vitu, kwa muda au moja kwa moja. Alisema ya zamani mengi yameshafika ghalani na hayaguswi, lakini hakuna daktari anayeweza kuapa ni lipi lilikuwa bado njiani.

Niliogopa, Dada. Ukimsomea mama, hapa paruke. Sikuogopa kufa, maana daktari alikuwa na mikono ya kuaminika na mimi nina roho ya paka. Niliogopa kwamba utaingia mlangoni siku moja na mfuko wako wa madaftari, na mimi nitakukaribisha kwa bashasha, nikuvutie kiti, nikuelekeze choo kilipo. Nililiona jambo hilo waziwazi, pamoja na uso wako. Nilikaa nalo siku mbili tatu bila kumwambia mtu. Lakini nikawaza pia kwamba kovu halikai kimya likatusubiri. Lilikuwa limeshaniondolea yule mteja wa mwezi mzima, na kesho lingechagua mwingine. Kama ni kupoteza, heri nipoteze mara moja nikiwa nimekubali mwenyewe, kuliko kuibiwa kidogo kidogo nikiwa naosha masufuria.

Sasa lile neno lako la barabarani. Ulisema kwamba mimi si mtoto, na siku nitakapokubali kisu nisikupigie simu kabla, kwa kuwa hutaweza kusimama mbele ya darasa ukiwa unajua. Ulisema niwe nimeshatoka, akili zangu ziko kamili, nikueleze kwa mkono wangu mwenyewe. Labda ulisema kwa hasira. Mimi nimelitii kama lilivyo.

Dada, nimeshapasuliwa. Si jana wala juzi, ni wiki kadhaa sasa. Mkono huu unaokuandikia, tangu ile salamu ya kwanza kule juu ya ukurasa, ni mkono wa mtu ambaye kipande kile hana. Kama umesimama, keti. Kama unalia, lia kidogo tu, kisha uendelee kusoma, kwa sababu yaliyobaki ni mazuri.

Sikuwa peke yangu. Mzee wa Kaunta alifunga mkahawa, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata kwa harusi yake, akakaa kwenye benchi nje ya chumba mpaka nilipotoka. Siku za mwanzo maneno yalinikimbia. Nilimwona muuguzi akimimina chai, nikakijua kile kitu cha vitundu kinachozuia majani, nikajua kinaoshwaje na kinatundikwa wapi jikoni kwetu, lakini jina lake likagoma siku nzima. Kesho yake nikiwa napiga mswaki likaja lenyewe: chujio! Nikalipigia kelele na povu mdomoni, wodi nzima ikashangilia. Kuna majina mengine bado yanachelewa, na daktari anasema ni mapema mno kujisifu. Nimemwambia kujisifu niachie mimi, yeye ashughulike na kidonda.

Juma lililopita Mzee wa Kaunta alikuja na Mpishi saa ya kuwaona wagonjwa. Akavuta kiti, akasema ana njaa, akaagiza. Mpishi naye akaagiza, kisha muuguzi, kisha kitanda hadi kitanda, watu wa mkono kwenye plasta na watu wa uji mwepesi, kila mmoja akaagiza chakula ambacho hospitali hii haijawahi kukiona. Nikaitikia kwa kichwa. Mzee akaondoka bila kuniuliza kitu, akasema atakuja kesho asubuhi baada ya mimi kulala, maana amezungumza na Fundi na ameelewa mtihani uko wapi. Asubuhi akarudi na karatasi ambayo Mpishi alikuwa ameiandika kwa siri. Nikapita kitanda hadi kitanda nikimpa kila mtu chake kwa mdomo. Nilikosea mmoja tu, mgonjwa wa kona aliyeagiza kahawa nikampa chai. Mzee akasema hata enzi zangu nilikuwa nakosa mmoja. Nilimbishia vikali. Aproni yangu ameitundika tena kwenye msumari wake wa ukumbini, na nitaanza na zamu fupi daktari akiridhia. Dawa bado nameza, na tangu siku ya kupasuliwa sijapotea hata mara moja.

Limebaki jambo moja, na hilo liko mikononi mwako. Daktari anataka kujua ya zamani yamesimamaje, na huku hakuna mtu anayeyajua ya kwetu. Nilimwambia ninaye mwalimu. Basi hii barua ndiyo karatasi ya mtihani, Dada, na wewe ndiye msahihishaji. Ile habari ya kinu niliiandika bila kumuuliza mtu na bila kujikaza. Ichukue kalamu yako nyekundu: pipa la maji, kreti la soda, mpira wa baiskeli, mti mwekundu, pumzi yako, povu viwikoni mwa mama, kandambili. Palipo sawa weka vema, palipo kosa weka mkasi, na usinionee huruma ya undugu, maana mtihani wa kuhurumiwa hauna faida kwa mgonjwa. Kisha uniletee mwenyewe, usiitume. Nataka uingie mlangoni na mfuko wako wa madaftari, uone nitakuitaje.

Sentensi moja tu usiisahihishe. Mimi sikuchelewa, wewe uliwahi. Nimemuuliza daktari, na amenihakikishia kwamba ubishi haukuwa kwenye kipande walichokitoa.

Mfikishie mama salamu na umwambie kichwa kiko mahali pake. Msalimie shemeji, na watoto uwaambie pipi zinakuja. Wasalimie na walimu wenzako wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako, yule anayepotea kidogo kisha akarudi,

Kaseti